Johannes Rebmann wa Rabai, na Jinsi Moyo Ukuavyo Katika Subira

Tunaposimulia habari za waliotutangulia katika kazi ya Injili, twapenda kutaja safari zao na matendo yao makubwa. Mara chache twauliza mioyo yao ilikuwa katika hali gani siku zile ambazo hapakuwa na tendo lo lote la kusimuliwa. Mwezi huu twataka kuyatazama kwa upande huo maisha ya Johannes Rebmann. Watu wengi wamjua kwa sababu ya theluji ya Kilimanjaro. Lakini mlima ule aliuona katika safari chache tu, na miaka yake karibu 29 katika Afrika aliitumia zaidi katika kazi ndogo ndogo za kila siku, ambazo hazikumpatia sifa.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen katika Württemberg, nchi ya Walutheri kusini mwa Ujerumani. Alisoma katika chuo cha misheni cha Basel, Uswisi, kisha akapokelewa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, nacho kikamtuma Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Juni 1846 alifika Mombasa. Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga katika nchi hiyo hiyo. Mwaka uo huo wakahamia pamoja Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, wote wawili wakiwa dhaifu kwa homa.

Tarehe 11 Mei 1848, akienda Uchagani, Rebmann aliona weupe juu ya mlima, akatambua ya kuwa ni theluji. Habari hizo zilipofika Ulaya, wako wataalamu waliomcheka. Hasa William Desborough Cooley, aliyekaa London na ambaye hakufika kamwe Afrika ya Mashariki, aliandika kwamba jambo hilo haliwezekani. Miaka mingi ikapita hata Karl Klaus von der Decken alipoupanda mlima kwa sehemu mwaka wa 1862 na kuthibitisha habari ile. Muda huo wote Rebmann aliendelea na kazi yake. Kuitwa mwongo kwa jambo ambalo macho yako yameliona ni jaribu zito. Moyo wa mtu waweza kukaa humo na kuoza. Yeye hakuyafanya maisha yake kuwa daawa ya kujitetea.

Tena kulikuwa na jaribu la pili. Mwaka wa 1849 alikwenda Uchagani mara ya tatu, akitumaini kupita huko na kufika Unyamwezi. Lakini Mamkinga, mtawala wa Machame, alimchukulia mali zake kidogo kidogo, hata hakubakiwa na cha kumpeleka mbele. Yasimuliwa ya kwamba Rebmann alishindwa kujizuia, akalia machozi mbele ya watu. Walipotaka kujua sababu, aliwaeleza kwamba hakulilia vitu vyenyewe, bali kwamba vilikuwa sadaka ya watu wema wa kwao, waliotaka neno la Mungu lifike mbali. Akarudi Rabai akiwa mgonjwa, na njia ya Unyamwezi ikawa imefungwa.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Wako watu kwetu wadhanio ya kuwa mwanamume mwenye imani halii, na kwamba mtumishi wa Mungu ameze uchungu wake kimya. Rebmann alilia, tena alijua kwa nini analia, akasema. Huzuni iliyotajwa jina lake huanza kupungua, bali ile iliyofichwa hugeuka kuwa hasira nyumbani, au uchovu usio na sababu, au ukali juu ya wanafunzi na watoto.

Baada ya safari ile hakujaribu tena njia ndefu ya bara. Alishika kazi iliyokuwa karibu: kufundisha, na kukusanya maneno ya lugha. Alikusanya maneno ya watu wa Rabai na ya Kiswahili. Katika miaka ya 1850 aliketi pia pamoja na Salimini, mtu wa pande za Ziwa Nyasa, aliyetekwa na kuuzwa utumwani hata akafika pwani. Sisi tukaao huku Songea twajua maana ya jambo hilo, kwa kuwa njia za misafara ya watumwa kutoka ziwani kwenda Kilwa zilipita katika nchi hii ya Ruvuma. Mtu aliyenyang'anywa kwao alimfundisha mgeni lugha ya kwao, neno baada ya neno. Kamusi iliyotoka katika mazungumzo hayo ilipigwa chapa mwaka wa 1877. Rebmann hakuiona.

Mwaka wa 1851 alimwoa Bibi Emma. Mungu aliwapa mtoto mmoja, naye akafa akiwa na siku chache tu. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya, na mwenzao Jakob Erhardt mwaka wa 1855. Mwaka wa 1866 Bibi Emma naye akafariki. Waumini wa Rabai walikuwa wachache sana, na macho ya Rebmann yalianza kuingia giza. Walakini hakurudi Ulaya.

Wala hatusemi kwamba yafaa kila mtu kufanya kama alivyofanya. Kukaa miaka 29 pasipo kupumzika kwao ni mzigo ambao hatuwezi kumshauri mtu ye yote auchukue. Tukumbuke nabii Eliya alipolala chini ya mti akiomba kufa. Bwana hakumkemea, kwanza alimpa usingizi na mkate na maji, mara mbili, baadaye akampa kazi, na Elisha awe mwenziwe. Chakula, usingizi na rafiki si adui za imani. Ni njia za Mungu za kuuponya moyo.

Naye Rebmann hatimaye alipata mwenziwe. Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa aliyekuwa mmoja wa waumini wa kwanza wa Rabai, alimtunza katika upofu wake, na mwaka wa 1875 akasafiri naye hata Ulaya. Twaona hapa ukuaji uliopita ule wa kupanda vilima. Yule aliyekuja kuwaongoza wengine alikubali kuongozwa. Ni rahisi kutoa msaada; kuupokea ni shule ngumu, hasa kwa mtu aliyezoea kuitwa mwalimu.

Mwaka wa 1876 Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilipigwa chapa. Tarehe 4 Oktoba mwaka uo huo alifariki huko Korntal, karibu na mahali alipozaliwa, akiwa na umri wa miaka 56.

Basi, ndugu wainjilisti na wazee wa sharika, huenda mwafundisha darasa la watu watatu katika kijiji cha mbali, na mwaka wapita pasipo matunda ya kuonekana. Moyo ukilemewa, msihesabu ya kuwa imani imekufa. Mwambieni mwenzenu uzito wenu kwa jina lake. Kuleni, laleni, pumzikeni siku ya Bwana. Kisha shikeni kazi ndogo iliyo karibu na mkono, hata kama ni neno moja la kufundisha kwa siku. Na macho yakianza kuingia giza, mkubalieni Nyondo wenu awashike mkono. Mbegu hukua ardhini pasipo mkulima kuiona ikikua. Na moyo pia hukua hivyo, mikononi mwake yeye aliyeupanda.