Francis Galton: Jamaa aliyeng'amua kuwa watu 40 wanaweza kuwa mtu mmoja

Mwaka jana nilipata kibarua cha siku nne cha kuzunguka mtaani nikiuliza watu maswali kuhusu maji. Unapata maji siku ngapi kwa wiki? Mtungi unanunua pesa ngapi? Nilitakiwa kuhoji watu 40 kwa siku, tena waliotawanyika mtaa mzima. Siku ya pili jua lilikuwa kali, na mimi mvivu. Nikaingia ploti moja ya ghorofa tano, nikaanza chini nikipanda juu, na kufikia saa saba mchana nilikuwa na majibu 40 safi kwa simu.

Msimamizi wangu aliyatazama majibu yale, akacheka, halafu akakasirika. Wapangaji wote wa ploti ile wanateka maji tanki moja na wana landilodi mmoja. Siku tanki likikauka, limekaukia wote. Aliniambia kwamba nimehoji mtu mmoja mara 40. Pesa ya siku hiyo sikuiona.

Nilinuna wiki nzima. Lakini mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kati ya vitu vichache nilivyotoka navyo ni daftari la somo la takwimu. Nikalifungua kutafuta kama yule msimamizi alikuwa ananidanganya. Hapo ndipo nilipokutana na jina la Francis Galton, limeandikwa mstari mmoja tu, kama jina la mtu aliyepita njia. Nikaanza kumsoma. Maze, huyu mzee ana mambo.

Alizaliwa Februari 1822 karibu na Birmingham, Uingereza, kitinda mimba wa familia yenye chapaa. Pesa za ukoo zilitokana na benki na kiwanda cha bunduki, na nyingi ya bunduki hizo ziliuzwa Afrika Magharibi wakati wa biashara ya watumwa. Babu yake mzaa mama alikuwa Erasmus Darwin, ambaye pia ni babu wa Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi. Yaani Galton na Darwin walichangia babu, ila nyanya zao walikuwa tofauti.

Shuleni alianza kwa kishindo halafu akayumba. Alisomea udaktari, akaukatiza, akaenda Cambridge kusoma hesabu. Huko presha ya mitihani ilimlemea mpaka akaugua, na mwaka 1844 akatoka na digrii ya kawaida, isiyo na heshima yoyote. Mwaka huo huo baba yake akafariki na kumwachia urithi mkubwa. Udaktari akautupa hapo hapo. Hakuajiriwa popote mpaka alipokufa. Nikisoma hapo huwa nacheka kidogo, maana mimi pia niliyumba chuoni, ila hakuna aliyeniachia kiwanda.

Pesa zilimpa nafasi ya kuzurura. Alifika Misri na Sudan, kisha kati ya 1850 na 1852 akazunguka eneo ambalo leo ni Namibia, akianzia bandari ya Walvis Bay. Huko ndiko kulitokea kisa kinachomweleza vizuri kuliko chochote. Alimwona mwanamke Mnama ambaye umbo lake lilimshangaza. Kumwomba ampime aliona haya. Basi akasimama mbali, akatoa kifaa cha mabaharia cha kupimia pembe za nyota, akampima yule mama kutoka kila upande, kisha akapiga hesabu ya pembetatu kupata vipimo vyake. Mwanamke mwenyewe hakuulizwa. Galton alirudi London akatuzwa medali ya dhahabu na Shirika la Kifalme la Jiografia.

Kuanzia hapo ikawa ni kupima tu. Alipima hali ya hewa, na ramani ya hewa aliyoichora ilitoka katika gazeti la The Times mwaka 1875. Alihesabu mara ambazo watu wanajigeuza vitini wakichoshwa na hotuba. Alitembea miji ya Uingereza akiwa ameficha karatasi mfukoni, akiitoboa kwa pini kila alipopita mwanamke ili ajue mji gani una warembo wengi. London ilishinda, Aberdeen ikashika mkia. Leo angefanya hivyo mtaani angekula kichapo.

Lakini swali lililomnyima usingizi lilikuwa la urithi. Kwa nini mtoto anafanana na mzazi, na anafanana kiasi gani? Mwaka 1875 aliwatumia marafiki zake pakiti za mbegu za ua moja la jamii ya njegere, zikiwa zimegawanywa kwa ukubwa wa aina saba. Wakapanda, wakavuna, wakamrudishia. Mbegu kubwa zilizaa kubwa, ndiyo, lakini si kubwa kama zenyewe. Mbegu ndogo zilizaa ndogo, ila si ndogo kama zenyewe. Watoto wote walikuwa wamesogea kuelekea katikati.

Akataka kuliona hilo kwa binadamu. Alitoa zawadi za pesa kwa familia zitakazomletea rekodi zao, akapata urefu wa watoto wazima 928 kutoka kwa wazazi wa familia 205. Wanawake akaongezea urefu wao kwa kuzidisha mara 1.08 ili walinganishwe na wanaume. Matokeo aliyotoa mwaka 1886 yalikuwa yale yale ya mbegu: wazazi wakizidi urefu wa kawaida kwa inchi 3, watoto wao kwa wastani wanazidi kwa inchi 2 hivi. Hii ndiyo tunaiita rigresheni hadi leo. Si kwamba kuna mkono unaowavuta watu katikati. Mtu anayefika kileleni huwa amebebwa pia na bahati, na bahati hairithiwi. Straika akifunga mabao manne Jumamosi hii, usiweke dau kwamba wiki ijayo atafunga manne tena.

Halafu ukaja mwaka 1888, na hapa naomba utulie nami.

Desemba mwaka huo Galton aliwasilisha makala mbele ya Royal Society kuhusu vipimo vinavyotembea pamoja. Alikuwa amepima kimo cha wanaume wapatao 350 pamoja na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Wazee wetu wa Pwani wakipima kitambaa huita kipimo hicho dhiraa. Kimo na dhiraa havifanani, lakini mtu mrefu kwa kawaida ana dhiraa ndefu. Galton alikuwa wa kwanza kuupa ukaribu huo namba moja inayosomeka: 0 ikiwa vitu viwili havijuani kabisa, 1 ikiwa vimefungwa pamoja kama pacha. Kimo na dhiraa vilipata 0.8. Namba hiyo ndiyo korelesheni. Karl Pearson, mwanafunzi wake wa kiroho, aliinyoosha fomyula yake mwaka 1896, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye daftari langu.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Novemba 1888, Galton alikuwa ameketi kiti cha mwenyekiti katika mkutano wa wanaanthropolojia jijini London. Msomi mmoja, Edward Tylor, alileta hesabu ya desturi za ndoa za jamii 350 hivi duniani. Aliona kwamba pale mume anapohamia kwa wakwe, mara nyingi kuna pia mwiko wa mume kukwepana na wakwe hao. Akahitimisha kuwa desturi moja huizaa nyingine, kwa sababu mambo hayo yamejitokeza pamoja katika jamii nyingi mno kuwa ajali.

Galton aliuliza swali moja tu. Kati ya jamii hizo zote, ni ngapi ambazo hazikuigana wala kutoka chimbuko moja?

Fikiria hapa kwetu. Mwiko wa kukaribiana na mama mkwe unaujua. Sasa mtafiti akiandika Wabukusu, wa pili Wamaragoli, wa tatu Wanyore, anadhani ana mashahidi watatu. Wote ni Waluhya, wamerithi desturi kutoka jiko moja. Tylor alikuwa na majina 350, lakini ushahidi wake ulikuwa mdogo kuliko huo, na hakuwa na jibu zuri la kumpa Galton. Wanaanthropolojia wanaliita tatizo hilo kwa jina la Galton mpaka leo.

Ndiyo ile ploti yangu ya ghorofa tano. Na baadaye wanatakwimu waliiwekea hesabu. Chukua wapangaji 10 wa ploti moja ambao korelesheni kati ya majibu yao ni 0.5. Unaanza na 1, unajumlisha 9 mara 0.5, unapata 5.5. Gawanya 10 kwa 5.5. Watu wako 10 wana uzito wa watu 1.8. Hata wawili hawafiki! Kwa ploti yangu, ambapo jibu la mmoja ni jibu la wote, korelesheni ni 1, na watu 40 wanabaki mmoja, kama nilivyoambiwa. Leo ziko mbinu za kuokoa data ya aina hii badala ya kuitupa. Mojawapo ilichapishwa na Kung-Yee Liang na Scott Zeger mwaka 1986, katika jarida la Biometrika, ambalo Galton alisaidia kulianzisha mwaka 1901.

Sasa ndipo ninapokosana na huyu mzee.

Mwaka 1869 alikuwa ametoa kitabu kikubwa kuhusu akili ya kurithi. Alikusanya majaji wa Uingereza, majenerali, washairi, hata wapiga makasia, akahesabu ni wangapi wana baba, kaka au mtoto mwenye jina kubwa. Walikuwa wengi. Akasema basi, kipaji kiko kwenye damu. Lakini jaji na mtoto wa jaji wanaishi ploti moja! Wana pesa zile zile, shule zile zile, marafiki wa baba wale wale wa kumshika mtu mkono apate kazi. Lile swali alilomuuliza Tylor, hakuwahi kulielekeza kwa ukubwa huo kwenye kitabu chake, wala kwa Galton na Darwin waliozaliwa ndani ya utajiri. Katika kitabu hicho hicho alizipanga mbari za watu kwa madaraja ya akili, Waafrika akiwaweka madaraja mawili chini ya Waingereza. Hakuwa amempima Mwafrika hata mmoja akili. Alikuwa amempima mama mmoja umbo, kwa mbali.

Na hakuishia kwenye vitabu. Juni 1873, mwezi ule ule Sultani Barghash aliotia saini kufunga soko la watumwa Zanzibar, Galton aliandikia The Times akipendekeza Wachina wahamishiwe pwani ya Afrika Mashariki, wazaane, na hatimaye wachukue nafasi ya Waafrika. Pwani hii hii. Mwaka 1883 akabuni neno la mradi wake wote, yujeniki, yaani kuchagua nani azae na nani asizae. Yeye mwenyewe alioa mwaka 1853 na hakujaliwa mtoto.

Mbegu hiyo ilifika Kenya. Mwaka 1933 madaktari na walowezi Wazungu mjini Nairobi waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, akiwemo H. L. Gordon, aliyekuwa akisimamia hospitali ya Mathari. Walipima ubongo na vichwa vya Waafrika, wakadai vipimo vinaonyesha hatufikii Wazungu kwa akili. Wakati huo Mwafrika alilazimika kutembea na kipande shingoni, kikiwa na alama za vidole vyake. Kitabu cha 1892 kilichosaidia kuzifanya alama hizo ziaminiwe kama utambulisho, mwandishi wake ni Galton.

Siwezi kumtupa, ingawa nilijaribu. Mwaka 1906, akiwa na miaka 84, alienda kwenye maonyesho ya mifugo Plymouth. Watu walikuwa wanalipa peni 6 kukisia uzito wa maksai mmoja akishachinjwa, kila mmoja akiandika kwenye tikiti yake. Galton aliziomba tikiti zile, akapata 787 zinazosomeka, akazipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Ile ya katikati kabisa ilisema ratili 1,207. Maksai alikuwa na ratili 1,198. Mzee alieleza vizuri kwa nini ilikuwa hivyo: kila mtu alikuwa amelipa pesa yake na kuandika peke yake, bila msemaji wa kuwachochea. Umati ule ungekuwa grupu moja la WhatsApp, mtu wa kwanza angetaja ratili 900 na wengine wangeongeza vidole gumba.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1909, akafariki Januari 1911 huko Haslemere. Sehemu kubwa ya mali aliiachia chuo cha University College London ili kiwe na profesa wa yujeniki, na wa kwanza kukalia kiti hicho akawa Karl Pearson. Mwaka 2020, baada ya uchunguzi, chuo hicho kilifuta jina lake kwenye ukumbi wa mihadhara. Ukumbi wa Galton sasa unaitwa ukumbi namba 115.