Marehemu Louis Rwagasore na Watu wa Buyenzi

Marehemu Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa IV wa Burundi, alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932. Alisoma Astrida, kisha akavuka bahari kwenda Antwerp, Ubelgiji. Alikuwa Mkatoliki, tena mtoto wa mfalme. Lakini aliporejea nyumbani hakujitenga na watu wa chini.

Zama zile Waislamu wa Usumbura, hasa wa mtaa wa Buyenzi, waliishi nje ya mamlaka ya machifu. Wengi walikuwa wafanya biashara wadogo, wenye asili ya Kongo, ya Tanganyika na ya Burundi yenyewe, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Ingawa walizaa na kuzika katika ardhi ile, walihesabiwa kama wageni.

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanya biashara, ili wenyeji wapate nguvu katika biashara iliyokuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Ushirika ule ulielemewa na shida za fedha, wala haukudumu. Hata hivyo mwana wa mfalme na mchuuzi walikwisha keti pamoja wakashauriana, na chama cha UPRONA kilipoinuka, Waswahili wa mjini walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wa mwanzo.

Mwaka 1960 Wabelgiji waliwakataza jamaa wa karibu wa Mwami kushika kazi za siasa, kisha wakamfungia Rwagasore nyumbani wakati wa uchaguzi wa wilaya. Juhudi hizo hazikufaa kitu. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 katika 64, naye akawa Waziri Mkuu, umri wake miaka 29.

Hakukaa katika cheo hicho ila majuma mawili. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, katika Hoteli Tanganyika kando ya ziwa, alipigwa risasi na Mgiriki aliyetumwa na wapinzani wake. Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962 pasipo yeye.

Kaburi lake liko Vugizo, juu ya mji. Mwislamu amkumbukaye marehemu huyu ana deni la kulipa: leo akijaliwa kuitwa mwenyeji, asisahau kuwa jana babu yake aliitwa mgeni, naye ampokee ajaye mlangoni kwake kama babu yake alivyopokewa.