Krapf, Hofu na Fimbo ya Mwalimu

Kila nivukapo daraja la Nyali kwenda Magogoni, hukumbuka kaburi moja lililo upande huo wa bara, kwenye ufuo unaoelekeana na kisiwa cha Mombasa. Hapo walizikwa, Julai 1844, Rosina Krapf na bintiye mchanga. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, naye alikuwa taabani kwa homa. Sisi wanaisimu twamjua kwa sarufi yake ya Kiswahili ya 1850 na kwa kamusi iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Leo nataka kumtazama kama mtu aliyeonja hofu.

Krapf alizaliwa 1810 katika nchi ya Wajerumani, akahubiri Uhabeshi kabla ya kuja kwetu. Mwaka 1846 alianzisha kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann, na 1849 akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Mwaka 1851 alirudi huko, akafuatana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Karibu na mto Tana walivamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, na Krapf akatorokea nyikani peke yake, kwa njaa na kiu. Miaka 7 baadaye, katika kitabu cha safari zake, alieleza jinsi alivyotia maji katika mitutu ya bunduki na katika mkoba wa ngozi wa darubini. Ni kweli alikuwa na desturi ya kuweka shajara. Hata hivyo, nani angeisahau siku kama hiyo?

Wataalamu wa ubongo wanatueleza sababu. Hatari ya ghafla ikitokea, mwili humwaga adrenalini, kisha kotisoli. Ndani ya ubongo, kijisehemu chenye umbo la lozi, kiitwacho amigdala, huamka na kuhimiza tukio lihifadhiwe kwa nguvu. Lakini uhifadhi huo una upendeleo: kiini cha tishio hukazwa, na mengi ya pembeni hufifia. Isitoshe, msongo huo huo huzuia kwa muda yale tuliyojifunza zamani yasikumbukwe upesi.

Hapa ndipo nawageukia walimu wenzangu. Nikiwa mtoto, nilichapwa kwa kukosea upatanisho wa ngeli. Hadi leo nausikia mlio wa ile fimbo na hatua za viatu vya mwalimu zikinijia. Sentensi niliyoikosea siijui. Ngeli nilikuja kufundishwa baadaye na mwalimu mwingine, aliyeniacha nikosee bila kutetemeka. Fimbo ilinifunza kitu kimoja tu, nacho ni kuiogopa fimbo.

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini hofu haihitaji kiboko. Kejeli mbele ya darasa yatosha, na kumkaripia mwanafunzi mlangoni mwa chumba cha mtihani ni kumfungia mlango wa yale aliyoyasoma. Tena hofu ikishajikita haifutiki kama chaki ubaoni. Kinachowezekana ni kujenga juu yake kumbukumbu mpya ya usalama, kwa kurudia mahali pale pale bila kudhurika.

Krapf hakukaa Rabai akiiogopa njia. Mwaka 1852 alisafiri tena, mara hii hadi Usambara kwa mfalme Kimweri. Afya ilipomlazimisha kurudi kwao 1853, aliendelea kuyakusanya na kuyapanga maneno ya Kiswahili hadi uzeeni. Lakini yeye alikuwa mtu mzima aliyechagua mwenyewe kurudi njiani. Mtoto wa Magogoni hana hiari hiyo: kesho asubuhi atarudi katika darasa lile lile, kwa mwalimu yule yule. Usalama wake u mikononi mwetu, na somo halitaingia mpaka kwanza tumempa huo.