George Grenfell: Zawadi Mbili Kwenye Mto Kongo

Tukisikia neno uwakili, wengi wetu tunafikiria zile pesa tunazotoa. Wiki hii nataka tuangalie upande wa pili, yaani zile tunazopokea. Nimemchagua mtumishi wa Mungu aliyepokea zawadi mbili kubwa maishani. Moja ilimpa miguu. Nyingine ilimfunga mdomo kwa miaka mingi.

George Grenfell alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka wa 1849, akakulia Birmingham. Kabla ya huduma alifanya kazi katika kampuni ya vyuma na mashine. Mimi niliyesomea biashara napenda sana hapo, kwa sababu Mungu hakuitupa ile miaka ya dukani, kama utakavyoona. Mwishoni mwa 1874 alisafiri kwenda Kameruni akiwa mmisionari wa Kibaptisti. Mke wake wa kwanza, Mary, alifariki huko muda mfupi baada ya ndoa. Mwaka wa 1878 ikajulikana kwamba Rose Edgerley, dada mwenye asili ya visiwa vya Karibiani, alikuwa na mimba yake kabla ya ndoa. Grenfell akajiuzulu, akamwoa Rose, akakaa miaka kama miwili akifanya biashara pwani ya Kameruni. Halafu misheni ikamrudisha kazini. Ndugu uliyeanguka ukadhani faili lako limefungwa, soma hapo mara mbili.

Sasa kazi yenyewe. Mto Kongo una urefu wa kilomita 4,700 hivi na unakata ikweta mara mbili. Kutoka baharini kwenda juu kuna maporomoko kwa zaidi ya kilomita 300, na hakuna chombo kinachopita. Lakini ukishafika mahali palipo Kinshasa ya leo, mto unafunguka, na unaweza kusafiri kilomita 1,700 hivi katikati ya msitu mpaka Kisangani. Swali lilikuwa hili: utafikishaje meli juu ya maporomoko?

Hapo ndipo zawadi ya kwanza ilipoingia. Robert Arthington wa Leeds alikuwa tajiri aliyeishi kama maskini. Alijinyima chakula kizuri na nguo nzuri ili Injili iende mbali. Alitoa pesa za kununua meli ndogo ya mvuke na za kuitunza. Meli hiyo iliitwa Peace, yaani Amani. Ilitengenezwa Uingereza, ikafunguliwa, ikafungwa katika mizigo kama 800, na wapagazi Wakongo wakaibeba vichwani na mabegani kupanda ile milima. Si mchezo. Mafundi waliotumwa kuja kuiunganisha walikufa mmoja baada ya mwingine kwa homa. Ikabidi Grenfell mwenyewe, yule kijana wa duka la vyuma, aiunganishe pamoja na wasaidizi wake Waafrika. Mwaka wa 1884 ikaelea.

Hebu fikiria siku moja ya safari. Asubuhi ukungu umefunika maji, hamwondoki mpaka muone mbele. Mchana mtu anasimama na mti mrefu akipima kina, kwa maana michanga huhama na njia ya jana leo si njia. Viboko wako karibu. Mitumbwi inakuja kando, wapiga makasia wamesimama wima, wanauza samaki wa kukaushwa kwa moshi na mihogo iliyolowekwa majini kutolewa sumu, ikapondwa, ikafungwa kwenye majani na kupikwa. Malipo si sarafu, ni vipande vya waya wa shaba. Jua likikaribia kuzama mnafunga meli ukingoni, na vijana wanaingia msituni na mashoka kukata kuni za mashine za kesho. Hakuna kuni, hakuna safari. Hivyo ndivyo Grenfell alivyoishi zaidi ya miaka 20, huku akichora ramani ya mto na matawi yake. Ramani hizo zilimpatia medali ya Chama cha Kijiografia cha Uingereza mwaka wa 1887.

Mwisho wa 1884, karibu na maporomoko ya Kisangani, alikuta vijiji vimechomwa na watu wamekimbilia mitumbwini. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Zanzibar. Wapendwa, Kiswahili kilifika Kisangani kwa njia hiyo. Lugha tunayohubiria Injili iliwahi kutisha watoto kwenye mto ule. Mmoja wa watoto waliotekwa na watu wa Tippu Tip, Disasi Makulo, alikombolewa, akalelewa na Grenfell, akabatizwa, na baadaye akarudi kwao kuhubiri.

Zawadi ya pili ilitoka kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka wa 1885 mataifa ya Ulaya yalikuwa yamemkubali kuwa mtawala wa Kongo, naye alisema amekuja kukomesha utumwa. Grenfell alikuwa ameona vile vijiji vilivyochomwa, kwa hiyo alimwamini. Serikali ya mfalme ilimtuma kupima mpaka na eneo la Wareno, ikampa nishani, na mwaka wa 1896 ikamweka katika tume ya kulinda wenyeji, yeye akiwa katibu.

Mimi nimesomea mambo ya bodi na kamati, na ile tume nikiitazama naona ilipangwa isifanye kazi. Wajumbe walikuwa 6, wote wamisionari, wanaishi mbali mbali, na mbali na maeneo ambayo watu walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira. Walikutana mara chache sana. Wakati huo huo, vijiji vilivyoshindwa kutimiza kiasi cha mpira vilishambuliwa na watu wakakatwa mikono. Misheni nayo ilihitaji kibali cha serikali ili kupata viwanja. Ukiwa na nishani kifuani na ombi la kiwanja mezani, ni vigumu kupiga kelele. Wamisionari wengine walisema mapema. Grenfell alikawia. Aliendelea kudhani kwamba makosa ni ya maofisa wachache, mfalme hajui.

Nyumbani kwake Bolobo, machozi hayakukauka. Baadhi ya watoto wake walikufa, na mwaka wa 1899 akamzika Pattie, binti aliyekuwa amerudi kumsaidia kazi. Malale yakamaliza watu kando ya mto. Halafu mwaka wa 1904 ripoti ya balozi wa Uingereza, Roger Casement, ikaweka wazi ukatili wa mpira. Miaka hiyo Grenfell alikubali kwamba alidanganyika. Aliacha kumtetea mfalme na akajitoa katika tume. Kumbe zile fadhili hazikununua hata viwanja: misheni yake iliendelea kunyimwa. Nguvu zake za mwisho alizitumia Yalemba, nyumbani kwa Disasi. Tarehe 1 Julai 1906 alifariki kwa homa huko Basoko.

Mimi simhukumu mzee huyu. Alizaa matunda, na alipouona ukweli aliugeukia. Lakini kitabu cha Kutoka sura ya 23 kinatuonya kwamba zawadi humpofusha hata mwenye akili, na Grenfell alikuwa na akili kuliko wengi wetu. Arthington alitoa akabaki na koti kuukuu. Leopold alitoa, na bei ilikuwa kimya.

Kanisa letu linajenga. Vijana wanahitaji karo, na vikundi vya akina mama vinatafuta mtaji. Watakuja wenye bahasha, na wengine watataka kipaza sauti. Kabla hatujasema asante, tuulize swali la mhasibu: hii ikiingia kwenye vitabu vyetu, ni neno gani ambalo hatutaweza kulisema tena kutoka madhabahuni, na ni nani kijijini atakayeumia kwa sababu tulinyamaza? Kama jibu linatutia hofu, afadhali tukae na mabati yetu ya zamani.

Tuombe: Bwana, tupe mikono ya kupokea bila kufungwa, na utupe macho ya kuona mapema. Amina.