Alice Hamilton: Daktari aliyewafuata wagonjwa wa viwandani hadi majumbani mwao

Tarehe 22 Septemba mwaka 1970, katika kijiji cha Hadlyme kwenye jimbo la Connecticut nchini Marekani, alifariki dunia Dakta Alice Hamilton akiwa na umri wa miaka 101. Miezi mitatu baadaye Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya kwanza ya nchi hiyo nzima kuhusu usalama na afya kazini. Daktari huyo hakuiona siku hiyo, ingawa alikuwa ameitumikia kwa miaka sitini.

Leo mfanyakazi anayeugua kwa sababu ya vumbi, moshi au kemikali za kiwandani anaweza, katika nchi nyingi, kudai fidia. Haki hiyo haikuja yenyewe. Ilibidi kwanza mtu athibitishe kwamba maradhi hayo yapo na kwamba yanatokana na kazi, si na ulevi wala uchafu wa wafanyakazi wenyewe, kama walivyodai waajiri wengi wa zama hizo.

Kutoka Fort Wayne hadi Chicago

Alice Hamilton alizaliwa mjini New York tarehe 27 Februari mwaka 1869, akakulia Fort Wayne, jimbo la Indiana, katika familia iliyothamini elimu. Dada yake, Edith, baadaye alipata sifa kubwa kwa vitabu vyake kuhusu Ugiriki ya kale. Alice alichagua udaktari, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893.

Kati ya mwaka 1895 na 1896 madada hao wawili walikwenda kusoma Leipzig na Munich, Ujerumani. Wakati huo wanawake hawakukubaliwa kuwa wanafunzi kamili wa vyuo vikuu vya huko. Waliruhusiwa kusikiliza masomo kwa hisani ya wahadhiri, kwa sharti kwamba kuwapo kwao kusiwasumbue wanaume.

Mwaka 1897 Dakta Hamilton alianza kufundisha patholojia katika chuo cha udaktari cha wanawake mjini Chicago, akahamia Hull House. Hii ilikuwa nyumba iliyoanzishwa na Jane Addams na mwenzake mwaka 1889 katikati ya mtaa wa maskini, ambamo wasomi waliishi bega kwa bega na wahamiaji kutoka Italia, Ugiriki, Poland na Urusi. Aliishi hapo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hapo ndipo alipoanza kuona jambo ambalo vitabu vyake vya tiba havikumfundisha. Wanaume wenye nguvu walirudi kutoka viwandani na maumivu makali ya tumbo, uso umepauka, viganja vimelegea na kuning'inia visiweze kuinuka. Wengine walipoteza akili. Baba akishaanguka, mke na watoto waliingia kazini au wakaishi kwa sadaka.

Ugonjwa usiokuwa na siku wala saa

Ulaya ilikuwa imetangulia. Uingereza ilipopitisha sheria yake ya fidia mwaka 1906, iliyataja magonjwa sita ya kazini, miongoni mwake sumu ya risasi, zebaki na fosforasi. Marekani, ambayo viwanda vyake vilikuwa vikikua kwa kasi, haikuwa na kitu cha namna hiyo.

Gavana wa Illinois, Charles Deneen, aliunda tume ya kuchunguza magonjwa ya kazini, ya kwanza ya aina yake nchini Marekani, na mwaka 1910 Dakta Hamilton akapewa kuongoza uchunguzi wake. Yeye binafsi alijitwika suala la madini ya risasi. Hapakuwa na orodha ya viwanda vinavyotumia madini hayo, wala ya watu waliougua.

Basi alianza kutafuta kwa miguu. Alipekua daftari za hospitali, akazungumza na wauza dawa, mapadri na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, kisha akawafuata wagonjwa majumbani. Katika kiwanda kimoja cha mabafu ya kuogea alioneshwa kazi iliyoonekana safi na salama. Baadaye, nyumbani kwa mfanyakazi mgonjwa, alifahamishwa kwamba kazi yenyewe hakuoneshwa. Hiyo ilifanyika kwingine, ambako watu walinyunyiza unga wenye risasi juu ya bafu la chuma lililokuwa jekundu kwa moto, huku wakivuta vumbi lake.

Matokeo yake yalikuwa kazi 77 tofauti zinazotumia risasi katika jimbo hilo moja, na wagonjwa 578 waliothibitishwa. Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria iliyowalazimisha waajiri kuchukua hatua za kinga, kuwapima afya kila mwezi wafanyakazi wa kazi hatari na kutoa taarifa za wanaougua.

Mwaka huohuo serikali kuu mjini Washington ilimkabidhi uchunguzi wa nchi nzima. Hakupewa mshahara, ripoti ilinunuliwa ikishakamilika. Wala hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kuingia katika kiwanda chochote. Aligonga mlango na kuomba.

Silaha yake ilikuwa ushahidi na ustaarabu. Edward Cornish, kiongozi wa kampuni kubwa ya risasi, National Lead, hakuamini kwamba watu wake wanaugua, akataka athibitishiwe. Dakta Hamilton alirudi na kumbukumbu za wagonjwa 22 kutoka katika kiwanda kimoja. Cornish alikubali, akaagiza mitambo ya kuzuia vumbi ifungwe na madaktari waajiriwe.

Si wote waliokuwa kama Cornish, na sheria za fidia za majimbo, zilizoanza kuenea kuanzia mwaka 1911, zilikuwa na pengo kubwa. Nyingi zilifidia ajali peke yake. Mkono uliokatwa na mashine una siku yake, saa yake na mashahidi wake. Risasi huingia mwilini kidogo kidogo kwa miezi na miaka, na mfanyakazi anapoanguka huenda keshaacha kazi ile au keshahamia kiwanda kingine. Nani basi alipe?

Dakta Hamilton alitambua kwamba fidia si msaada kwa mgonjwa tu. Mwajiri akijua kwamba kila anayeugua atamgharimu fedha, na kampuni ya bima ikianza kumtoza zaidi kwa kila mgonjwa, mashine ya kufyonza vumbi hugeuka kuwa nafuu kuliko mfanyakazi mgonjwa. Kwa mtazamo wake, hesabu hiyo iliwasukuma waajiri wengi wa Marekani ambao huruma haikuwasukuma.

Harvard na wasichana wa radiamu

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri kuwa profesa msaidizi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu wa chuo hicho, wakati shule yake ya udaktari haikuwa ikipokea wanafunzi wa kike, jambo lililoendelea hadi mwaka 1945. Alipewa masharti: asiingie katika klabu ya wahadhiri, asidai tiketi za mpira na asiandamane na wenzake siku ya mahafali. Alistaafu mwaka 1935 akiwa bado profesa msaidizi, hakupandishwa cheo hata mara moja.

Katika miaka hiyo lilizuka suala la wasichana wa Orange, jimbo la New Jersey, waliopaka nyuso za saa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo, na kila mara wakameza chembe za sumu. Miaka michache baadaye meno yaling'oka, mataya yakaoza na mifupa ikavunjika.

Cecil Drinker, mtaalamu wa Harvard, alikuwa amekichunguza kiwanda hicho mwaka 1924 na kuona hatari. Kampuni ilizuia ripoti yake, ikaiambia idara ya kazi ya jimbo kwamba matokeo yalikuwa mazuri. Dakta Hamilton alipopata habari, alimwarifu Drinker kupitia mkewe kwamba jina lake linatumiwa vibaya. Ripoti ya kweli ilichapishwa mwaka 1925. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa wafichaji walikuwa wengine, na waliokufa wengine.

Grace Fryer na wenzake wanne walifungua kesi mwaka 1927. Kampuni ilijibu kwamba muda wa miaka miwili uliowekwa na sheria umepita, ingawa maradhi yenyewe hujitokeza baada ya muda huo. Kesi ilipoahirishwa kwa miezi mingi huku wanawake hao wakidhoofika, Dakta Hamilton alimwomba rafiki yake Walter Lippmann, mhariri wa gazeti la New York World, aliseme jambo hilo hadharani. Kelele za umma zilifika mbali. Mwezi Juni mwaka 1928 kampuni ilikubali kumlipa kila mmoja dola 10,000, pamoja na dola 600 kila mwaka na gharama za matibabu, bila kukiri kosa. Grace Fryer alifariki dunia mwaka 1933.

Alikoshindwa

Si kila vita alishinda. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, kilichotengeneza kemikali ya risasi ya kuchanganywa na petroli. Katika mkutano wa Washington wa Mei 1925 Dakta Hamilton alipinga kemikali hiyo, akionya kwamba hatari yake haitaishia kiwandani. Mwaka uliofuata petroli hiyo ilirudi sokoni. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Alijua pia kukiri kosa. Utafiti wake wa mwaka 1902, uliowalaumu nzi kwa mlipuko wa homa ya matumbo mjini Chicago, ulimletea sifa. Baadaye ilifahamika kwamba maji taka yalikuwa yamevujia katika mabomba ya maji, na yeye mwenyewe alilisimulia hilo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1943.

Baada ya kustaafu aliendelea kuishauri wizara ya kazi, akachunguza viwanda vya hariri bandia ambavyo mvuke wa kemikali zake uliwavuruga watu akili. Mwaka 1947 alitunukiwa tuzo ya Lasker. Hakuolewa, na uzeeni aliishi Hadlyme na dada yake Margaret.

Swali lililobaki

Afrika Mashariki nayo imekutana na maswali yaleyale. Kenya ilipitisha sheria ya mafao ya majeraha ya kazini mwaka 2007, na Tanzania sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Zote mbili zinatambua magonjwa ya kazini pamoja na ajali. Hata hivyo mgonjwa bado anatakiwa kuonesha kwamba maradhi yake yametoka kazini, na kibarua asiye na mkataba wala kipimo cha afya ana kazi ngumu ya kulithibitisha hilo.

Mjini Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Hukumu hiyo ilipingwa, ikatenguliwa, na kurejeshwa na Mahakama ya Juu mwishoni mwa mwaka 2024. Sumu ilikuwa ileile ambayo Dakta Hamilton aliifuata mlango hadi mlango mjini Chicago zaidi ya miaka mia moja iliyopita.