Wakulima walipokosa fedha, seremala wa Billund aligeukia bata wa mbao

Katika kijiji cha Nyakunguru, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tarime na Serengeti, mtoto anayetumwa kuchunga ng'ombe huweza kuondoka nyumbani asubuhi na waya mkononi na kurudi jioni akisukuma gari. Magurudumu ameyakata kwenye kandambili iliyokatika, bodi ni waya na kopo, usukani ni kijiti kirefu. Ukimtafuta baada ya siku tatu, gari lile halipo tena. Amelifumua lote, na kwa waya uleule ametengeneza lori lenye tela. Mzazi akimwona husema mtoto anapoteza muda, mara nyingi ng'ombe nao wakiwa wamekwisha kuingia kwenye mahindi ya jirani, hivyo si rahisi kumlaumu mzazi.

Raha hii ya kuunda kitu, kukifumua na kukiunda upya haiishii utotoni. Ulaya na Marekani wapo watu wazima, mafundi, madaktari na wahasibu, wanaonunua boksi lenye vipande vya plastiki elfu mbili au tatu, wakaunda winchi au lori ambalo hata giaboksi yake inazunguka, wakaliweka mezani wiki kadhaa, kisha wakalifungua hadi kipande cha mwisho na kuanza tena. Kampuni inayoongoza kwa kuuza vipande hivyo ni Lego ya Denmark. Aliyeianzisha hakuwa mhandisi wala tajiri wa mjini. Alikuwa seremala wa kijijini aliyeitwa Ole Kirk Christiansen, na wateja wake walikuwa wakulima. Ndiyo maana habari zake zina nafasi katika ukurasa huu.

Ole Kirk alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 katika eneo la Filskov, magharibi mwa Denmark, kwenye familia maskini yenye watoto wengi. Ardhi ya huko ni ya kichanga, na wakati ule sehemu kubwa ilikuwa nyika yenye rutuba ndogo. Alichunga mifugo akiwa mdogo, na alipofikisha umri wa kujifunza kazi alijifunza useremala kwa kaka yake. Alifanya kazi Ujerumani na Norway, na huko Norway akampata mchumba, Kristine. Mwaka 1916 alirudi, akaoa, akanunua karakana ya useremala katika kijiji kidogo cha Billund.

Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda vizuri. Alijenga nyumba na mabanda ya wakulima, akatengeneza milango, madirisha na samani. Ieleweke kwamba mkulima wa Denmark wakati huo hakuwa mkulima wa kujikimu tu. Tangu mwaka 1882, kilipoanzishwa chama cha kwanza cha ushirika wa maziwa katika kijiji cha Hjedding, si mbali sana na Billund, wakulima walikuwa wakiuza siagi na nyama ya nguruwe Uingereza na Ujerumani. Fedha za siagi ndizo zilizomlipa seremala. Akipata mkulima, anapata na fundi.

Mwaka 1924 watoto wake wawili wadogo waliwasha moto ndani ya karakana, cheche zikadakia maranda. Karakana iliungua na nyumba ikaungua. Ole Kirk akajenga upya, na hakujenga kidogo. Alimtumia msanifu wa majengo na kupandisha jengo kubwa kuliko lile la kwanza, akaishi na kufanya kazi katika sehemu ya jengo na nyingine akaipangisha ili kupunguza deni. Kwa maoni yangu lile lilikuwa kosa. Mtu aliyekwisha pata hasara kwa moto hapaswi kujiongezea mzigo wa mkopo kwa ajili ya ukubwa wa nyumba. Lakini tukiwa wakweli, wangapi kati yetu wanaopata fedha za msimu mmoja mzuri na kuanza msingi wa vyumba vinane?

Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa dunia, ulioanzia Marekani mwaka 1929. Bei ya siagi na nyama ya nguruwe iliporomoka, na Uingereza na Ujerumani zikapunguza ununuzi kutoka nje ili kulinda wakulima wao. Wakulima wa Denmark walianza kufilisika na mashamba yakauzwa kwa mnada. Mkulima anayeshindwa kulipa riba ya benki hajengi banda jipya. Wakulima wa kahawa wanaokumbuka bei ya dunia ilivyoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 watanielewa bila maelezo marefu: hasara ya shambani hufika kwa muuza mabati, kwa fundi cherehani na kwa mwenye duka kabla mwaka haujaisha.

Ole Kirk alilazimika kuwaachisha kazi mafundi wake. Mwaka huohuo wa 1932 mkewe Kristine alifariki na kumwachia watoto wanne wa kiume, mkubwa akiwa na miaka 15 na mdogo miaka 6. Alikuwa na nyumba kubwa, deni, mbao na mashine, bila kazi ya kujenga.

Hapa ndipo tuangalie alichofanya, maana alifumua biashara yake kama mtoto anavyofumua gari la waya. Mashine zilibaki zilezile, mbao zilezile, ujuzi uleule. Alichobadilisha ni kinachotoka mlangoni. Badala ya nyumba na mabanda, alianza kutengeneza ngazi, vigoda, meza za kupigia pasi, na magari na wanyama wa mbao wa kuchezea watoto. Kitu kidogo kinatumia mbao kidogo, bei yake mzazi anaweza kuimudu hata mwaka wa shida, tena kinaweza kupakiwa kwenye treni na kuuzwa mbali, kwa watu wasiotegemea bei ya nguruwe wa Billund. Nyumba huwezi kuipakia kwenye treni.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla kutoka mji wa Fredericia alipita, akapenda vitu hivyo na kuagiza mzigo kwa ajili ya Krismasi. Ole Kirk na wanawe wakauchonga. Kabla ya malipo kukamilika mfanyabiashara yule akafilisika. Wenye kuuza mazao kwa mkopo kwa wanunuzi wa kupita wanaijua hali hiyo. Seremala akabeba mzigo wake mwenyewe na kuzunguka nao madukani. Inasimuliwa kwamba pale ambapo fedha hazikuwepo alikubali kulipwa kwa chakula. Ndugu zake walimsaidia kupata mkopo, lakini hawakuficha kwamba kwao kuchonga midoli haikuwa kazi ya mtu mzima mwenye watoto wa kulisha.

Kipindi hicho pia yoyo ilivuma, kile kidude cha mviringo kinachopanda na kushuka kwenye uzi. Kila mtoto alitaka moja, na Ole Kirk akatengeneza nyingi. Ghafla watoto wakaichoka, stoo ikabaki imejaa. Wengi wangeziuza kwa bei ya kutupa au kuzifanya kuni. Yeye alizipasua katikati, kila yoyo ikatoa magurudumu mawili, na magurudumu yale akayafunga kwenye magari yake ya mbao. Katika maisha yake yote, hakuna tendo linaloonyesha akili yake vizuri kuliko hilo.

Mwaka 1934 alitafuta jina la biashara. Aliwashindanisha wafanyakazi wake, zawadi ikiwa chupa ya mvinyo aliotengeneza mwenyewe, kisha zawadi akaichukua yeye. Jina lililoshinda ni Lego, lililotokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Mwaka huohuo alioa tena, mke akiitwa Sofie, na baadaye wakapata binti.

Mwanawe wa tatu, Godtfred, alikuwa akifanya kazi naye tangu akiwa kijana mdogo. Siku moja alimweleza baba yake kwa furaha kwamba ameokoa fedha: mzigo wa bata wa mbao uliotakiwa kupakwa vanishi mara tatu, yeye ameupaka mara mbili na tayari umekwenda stesheni. Baba alimwamuru aurudishe, aupake mara ya tatu peke yake, hata kama kazi ingemalizika usiku. Mwanunuzi asingeweza kugundua tofauti siku ya kununua. Angeigundua baada ya miezi, mtoto akiwa amemvuta bata kwenye mvua. Anayeloweka pamba maji au kuchanganya kokoto kwenye gunia la ulezi anategemea mwanya huohuo kati ya siku ya kuuza na siku ya kugundua.

Machi 1942, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kiwanda kiliungua tena, pamoja na michoro na mifano ya bidhaa zote. Ole Kirk alikaribia kukata tamaa. Hata hivyo alijenga kwa mara nyingine, safari hii jengo lililopangwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutengeneza vitu vya kuchezea kwa wingi.

Vita vilipokwisha alifanya jambo lililowashtua hata wanawe. Mwaka 1946 aliagiza kutoka Uingereza mashine ya kusindilia plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, kwa kroni 30,000. Kwa kiwanda cha mbao cha kijijini hizo zilikuwa fedha nyingi mno, na plastiki yenyewe ilikuwa adimu. Kama angeleta andiko la mradi ule mezani kwangu nikiwa mshauri, nadhani ningemshauri asubiri. Alikataa kusubiri. Wakati huo alioneshwa vitofali vya plastiki vyenye vinundu juu, vilivyobuniwa na Mwingereza Hilary Fisher Page wa kampuni ya Kiddicraft. Lazima isemwe wazi: tofali la kuunganisha halikuanzia Billund. Ole Kirk na Godtfred walilichukua, wakabadilisha vipimo na kunyoosha kingo, na mwaka 1949 wakaanza kuuza la kwao. Miaka mingi baadaye kampuni yao ilinunua haki za tofali la Page.

Mauzo ya mwanzo yalikuwa hafifu. Kilichowapa moyo kwenye plastiki ni trekta. Baada ya vita matrekta madogo ya kijivu ya Ferguson yalikuwa yakiingia Denmark kwa wingi na kuchukua nafasi ya farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Lego ilitoa trekta hilo kwa umbo dogo la plastiki, na lingeweza kununuliwa likiwa limekwisha kuungwa au vipande vikiwa mbalimbali ndani ya boksi, mtoto aunge mwenyewe. Watoto wa wakulima waliliona trekta halisi shambani mchana na jioni wakalifungua lao sakafuni, tairi moja moja.

Tofali nalo lilikuwa na ugonjwa mmoja. Ndani lilikuwa tupu kabisa. Ukilibandika juu ya jingine lilishika kidogo tu, na ukiinua nyumba uliyoijenga ilikumwagikia mikononi. Aliyewahi kufyatua tofali anajua kwamba kalibu ikilegea kwa unene wa kucha, ukuta wote unapinda. Hapa tatizo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu tofali lilitakiwa kushika kwa nguvu ya kutosha lisianguke, na bado liachie linapovutwa na vidole vya mtoto wa miaka mitano. Likishika mno, raha ya kufumua inakwisha. Likilegea, hakuna cha kufumua.

Ufumbuzi ulikuwa vijibomba vilivyowekwa ndani ya tofali. Vinundu vya tofali la chini vinabanwa kati ya vijibomba hivyo na kuta za tofali la juu. Godtfred aliwasilisha maombi ya hataza tarehe 28 Januari 1958. Kutokana na mshiko huo, matofali sita tu ya ukubwa wa vinundu vinane, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Mtoto hawezi kuzimaliza, wala baba yake.

Ole Kirk hakuona matunda ya hataza ile. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Machi 1958, wiki sita baada ya maombi kuwasilishwa, akiwa na umri wa miaka 66. Kampuni aliiacha mikononi mwa Godtfred. Mwaka 1960 moto uliteketeza stoo ya vitu vya mbao, na safari hii familia iliamua kuachana na mbao na kubaki na plastiki peke yake. Matofali yaliyotengenezwa mwaka ule wa 1958 bado yanashikana na yanayotoka kiwandani leo. Na ile nyumba kubwa aliyoijenga kwa mkopo baada ya moto wa 1924, ambayo nimeilaumu hapo juu, bado imesimama Billund, na kampuni inaitumia kutunza historia yake.