Edmond Thieffry: rubani aliyefikisha ndege ya kwanza kutoka Brussels hadi Leopoldville

Leo abiria anapanda ndege Brussels asubuhi na jioni anashuka N'Djili, mjini Kinshasa. Ni safari ya karibu kilometa 6.200 na inachukua muda wa saa nane hivi. Mwaka 1925, mtu wa kwanza kuifanya safari hiyo kwa ndege alihitaji siku 51. Jina lake ni Edmond Thieffry, na maisha yake yaliishia hapa kwetu mashariki.

Thieffry alizaliwa tarehe 28 Septemba 1892 huko Etterbeek, Ubelgiji. Alisomea sheria, lakini vita vya kwanza vya dunia vikamtoa katika kazi hiyo. Alikamatwa na Wajerumani, akatoroka kwa pikipiki ya wizi, kisha akajifunza urubani. Aliangusha ndege kumi za adui kabla ya yeye mwenyewe kuangushwa na kufungwa, Februari 1918.

Vita vilipokwisha alirudi kwenye uwakili, ila wazo moja halikumtoka: kuunganisha Ubelgiji na Kongo kwa njia ya anga. Wakati huo msafiri alipanda meli Antwerp, akakaa baharini zaidi ya majuma mawili, akashuka Matadi na kupanda treni hadi Leopoldville.

Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Brussels na rubani Léopold Roger na fundi mitambo Joseph De Bruycker, katika ndege ya injini tatu ya kampuni ya Sabena. Walipanga kufika kwa muda wa juma moja. Walipita Ufaransa na Hispania, wakavuka jangwa la Sahara, wakapitia Gao, Niamey, Fort-Lamy (leo N'Djamena) na Bangui. Lakini upepo mkali uliwachelewesha, na propela ilipoharibika walilazimika kungojea nyingine iletwe.

Walitua Leopoldville tarehe 3 Aprili, baada ya kilometa zaidi ya 8.000. Katika siku hizo zote 51, ndege ilikuwa angani saa 75 na dakika 25 tu. Kwa siku, meli iliwashinda. Kwa saa za kuruka, Thieffry alikuwa ameonyesha kwamba njia ipo.

Mwaka 1928 alijaribu tena kuruka toka Ubelgiji hadi Kongo, bila kufanikiwa. Ndipo akageukia shida nyingine: usafiri wa ndani ya Kongo yenyewe, inchi ambayo toka mji hadi mji kulihitaji siku nyingi za mtoni na za miguu. Alikuja kuchunguza njia za ndege za humo ndani. Tarehe 11 Aprili 1929, dhoruba iliangusha ndege yake karibu na Kibanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Mwaka 1935 Sabena ilifungua safari za kawaida kati ya Brussels na Leopoldville. Safari ya kwanza ilichukua siku tano na nusu. Huko Brussels, kituo kimoja cha metro kinaitwa Thieffry.

Kazi iliyomfikisha Kibanga ingali na maana: hadi leo, mtu wa mashariki anayetaka kufika Kinshasa haraka hana njia nyingine isipokuwa ndege.